Mama Mkwe Ameuliza Swali la Benki

"Shangazi, nyumbani tunatumia sola. Nimeomba mkopo kwa dhamana ya nyumba ili niongeze vyumba. Benki imetaka kuuona mkataba wa sola. Mke wangu ameusoma, sasa amegoma kusaini mkopo. Alijua kila kitu tangu mwanzo. Mama yake ndiye anamjaza maneno. Nifanyeje? Baba Wawili."

Pole, Baba Wawili. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako ndefu nimeifupisha hapo juu. Kwamba hiyo sola umeikodi umelitaja mara moja tu, mwishoni mwa barua, baada ya kumsema mama mkwe weee mpaka wino ukakaribia kuisha. Mkeo "alijua kila kitu", lakini mkataba kauona siku benki ilipouomba? Na huyo mama mkwe unayemwita mchonganishi, kwa maelezo yako mwenyewe, aliuliza tu hizo paneli ni za nani. Ofisa wa mikopo naye kauliza hilohilo. Mbona yeye hujamwita mchonganishi?

Paneli za kukodi ni mali ya kampuni iliyokukodisha, hata zikae juu ya bati lako miaka 20. Mthamini wa benki kwa kawaida haziingizi katika thamani ya nyumba. Kodi yake ya kila mwezi ndiyo inayohesabiwa, tena upande wa madeni, na kiasi unachoweza kukopeshwa kinapungua. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Mikataba mingi ya namna hii ni ya miaka 20 hadi 25, na mingine kodi hupanda kila mwaka. Ukitaka kuuza nyumba katikati, mnunuzi akubali kuurithi mkataba, au uumalize wewe.

Sisemi kukodi ni dhambi. Asiye na fedha za kuanzia anapata umeme, na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli utumike nyumbani, ikifa, mara nyingi fundi analetwa na kampuni. Hata ungenunua kwa mkopo, benki ingelihesabu deni hilo. Ila marejesho yakiisha, paneli ni zako.

Lakini ndoa za siku hizi jamani! Rangi ya pazia mnajadili wiki nzima, halafu mkataba wa miaka 25 mtu anausaini peke yake, kwa kidole, kwenye simu. Mwenzake akihoji anaitwa mkaidi. Huyo mkeo unayetaka kuweka naye nyumba rehani ana haki ya kugoma, na mimi ningegoma naye.

Mpe mkataba wote, si kurasa unazozipenda wewe. Tafuteni kifungu cha kuvinunua vifaa kabla ya muda, na adhabu ya kuuvunja. Ulizeni kama kampuni imesajili haki yoyote juu ya vifaa hivyo, maana benki itataka kuhakikishiwa kwa maandishi kwamba nyumba yenyewe haimo katika haki hiyo. Kisha pigeni hesabu upya, huenda vyumba vikasubiri.

Siku ya hesabu hiyo mwiteni na mama mkwe. Kwa barua hii, ndiye pekee aliyeuliza la maana kabla ya benki.