Jibu: Kwa nini ndege ya Nairobi ilipelekwa Mombasa?

Mkuu, umeuliza kwa nini ndege yenu ilizunguka juu ya JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, alfajiri kisha ikaenda Mombasa, ilhali ukungu ulikuwa "wa kawaida tu". Kutua kunategemea mitambo pia, si ukungu tu. ILS ya daraja la kwanza, ile redio inayomwongoza rubani kushuka, humfikisha hadi futi 200 hivi juu ya ardhi, yaani mita 60. Asipoona taa hapo, anapaa tena. ILS ikizimika, anabaki na mbinu nyingine za kushuka ambazo kikomo chake huwa juu zaidi, kwa hiyo ukungu uleule mliotua nao jana leo unawafukuza. Tena JKIA ina njia moja tu ya kurukia. Kwa hiyo ndege hupanga foleni angani, na foleni inakula mafuta. Rubani alifanya sawa. Kukaa Mombasa bila hata maji, kwa hilo libane shirika la ndege.