Maswali ya wasomaji: Masanduku ya negativu aliyoyaacha mpigapicha wa gazeti

*Shikamooni wahariri. Marehemu baba alipigia gazeti picha hapa Mombasa, tangu kabla ya uhuru hadi miaka ya themanini. Ametuachia masanduku matatu ya negativu. Moja linanuka siki, na ndugu zangu wanataka tulitupe. Tufanyeje? – Binti wa mpigapicha, Mombasa*

Marahaba binti yetu, na poleni kwa msiba. Msilitupe. Harufu hiyo ni ya asidi inayotoka kwenye filamu yenyewe. Filamu za miaka hiyo nyingi zilitengenezwa kwa asetati, plastiki ambayo joto na unyevu huivunja polepole, nayo ikivunjika hutoa asidi ileile iliyomo ndani ya siki. Asidi hiyo huharakisha uharibifu, kwa hiyo sanduku linalonuka huambukiza jirani yake. Filamu mpya ya asetati ikikaa kwenye nyuzijoto 21 na unyevu wa asilimia 50 huchukua miaka 40 hivi kabla ya kuanza kunuka. Mombasa ni ya moto na yenye unyevu zaidi ya hapo, kwa hiyo filamu ya 1963 isiyonuka leo ni ya kushukuru Mungu.

Leo hii litengeni sanduku linalonuka, mliweke chumba kingine chenye hewa. Msilifungie kwenye mfuko wa plastiki katika joto la kawaida, maana asidi itakosa pa kutokea na itaila filamu. Kisha fungueni bahasha moja moja, mkiwa na mikono mikavu au glavu, mkishika filamu pembeni tu. Zilizonyooka na kulala bapa zina muda. Zilizojikunja au kupungua upana ni za kuskaniwa kwanza. Zilizofanya mikunjo kama mifereji, ngozi ya picha ikiachana na plastiki, zipigeni picha hivyo hivyo zilivyo juu ya meza ya mwanga (kioo cheupe chenye taa chini yake) kabla ya kufanya lolote jingine.

Ondoeni ile karatasi nyembamba ing'aayo, inayochakarika, ambayo magazeti mengi yaliitumia. Penye unyevu hugandana na picha. Nunueni vifuko vya poliesta au polipropilini, si ile plastiki laini inayonuka kama koti jipya la mvua. Negativu zilizogandana msizivute kwa kucha. Zenye ukungu zikausheni kwanza, kisha mzipanguse nje ya nyumba kwa brashi laini mkiwa mmevaa barakoa. Maji ni marufuku, kwa sababu ukungu huila jeletini inayobeba picha, na tone moja laweza kuiyeyusha ikamwagika.

Baada ya hapo, friji. Kila fungu litie kwenye mfuko mzito wa zipu, pamoja na vipakiti vya silika, vile vinavyonyonya unyevu, vikiwa vimekaushwa. Kamua hewa, funga, kisha utie mfuko wa pili juu yake. Kwa zile zilizokwisha kuanza kunuka, sehemu ya kugandisha ni bora zaidi. Ubaridi hausimamishi asidi kabisa, lakini huirefushia filamu maisha kwa miongo mingi. Kosa la kawaida hutokea siku ya kuzitoa: mtu hufungua mfuko ungali baridi, na unyevu wa chumba hugeuka matone juu ya picha. Acheni mfuko ukiwa umefungwa mpaka kesho yake.

Jambo moja tunaliomba kwa msisitizo: msitupe bahasha za zamani, hata zikiwa zimeliwa na mende. Zimebeba mwandiko wa baba, tarehe na mpangilio wa kazi yake. Iandikieni namba kila bahasha kwa penseli kabla ya kuitoa filamu, na kifuko kipya kibebe namba hiyohiyo.

*Nina skana ya mezani yenye kuondoa vumbi yenyewe. Picha za rangi zinatoka safi, lakini za nyeusi na nyeupe zinatoka na nyuso kama zimeyeyuka. Skana mbovu? – Kijana wa Dodoma*

Si mbovu. Kazi hiyo ya kuondoa vumbi hutumia infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ambao hupita katika rangi za filamu lakini huzuiwa na vumbi. Filamu ya nyeusi na nyeupe imebeba fedha, na fedha huuzuia mwanga huo kama vumbi. Skana hudhani uso wa mtu ni uchafu, ikaufuta. Zima kazi hiyo, puliza vumbi kwa mpira wa mkono. Kodachrome, filamu ya slaidi za rangi ya Kodak, nayo huisumbua.

Kwa filamu ya milimita 35, skani kwa nukta 4,000 kwa inchi, biti 16, na uhifadhi kama faili za TIFF. Fremu moja ya milimita 24 kwa 36 itatoa pikseli milioni 21 hivi na, kwa nyeusi na nyeupe, faili la MB 43, yaani fremu 1,000 ni GB 43. Skana za bei nafuu hutangaza nukta 6,400 lakini lenzi zake hazifiki huko, kwa hiyo usijaze diski kwa pikseli zisizoongeza ukali wowote. Ukiwa na kamera yenye lenzi ya makro ya 1:1 (inayopiga kitu kwa ukubwa wake halisi), meza ya mwanga na stendi imara, utafanya kazi haraka zaidi na mara nyingi kwa ukali bora. Weka f/8, ISO 100. Skani roli nzima, pamoja na fremu zilizoharibika na kingo zenye namba. Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nyumba nyingine.

*Bahasha nyingi hazina maelezo. Tutajuaje picha ni ya lini na wapi? – Mwalimu mstaafu, Tanga*

Mwalimu, hapa ndipo kazi ilipo hasa. Anza na roli. Namba za pembeni zinaonyesha kipi kilitangulia, na fremu ya 4 yenye bango inaweza kuitambulisha fremu ya 31 yenye umati tu.

Halafu soma vilivyomo. Bendera: Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Kenya tarehe 12 Desemba 1963, na Muungano ni wa 26 Aprili 1964. Noti: shilingi ya Afrika Mashariki ilianza kuachia nafasi sarafu za kila nchi mwaka 1966. Majengo: Nairobi isiyo na mnara wa KICC ni ya kabla ya miaka ya mwanzo ya sabini. Majina ya barabara: Salim Road ya Mombasa sasa ni Digo Road, na Delamere Avenue ya Nairobi ni Kenyatta Avenue. Usizisahau kanga. Nyingi zilichapwa kwa tukio maalumu, na jina la kanga husomeka ukiikuza picha. Ila kumbuka kwamba kanga huvaliwa miaka mingi: inakupa tarehe ya mapema kabisa inayowezekana, haikupi siku ya picha.

Kisha wazee. Chapa picha kubwa, uwapelekee wawili wawili, maana mmoja humsahihisha mwenzake. Usiulize “huyu si fulani?”, uliza “nani huyu?” Rekodi sauti. Andika nani kasema na lini, na maelezo ya asili ya gazeti yaache kwenye sehemu yake hata kama yana lugha ya kikoloni inayoudhi. Ukiyafuta, umefuta ushahidi wa jinsi watu walivyotazamwa.

Haraka inahitajika. Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi wa 1935, alipiga picha za Kenya ya Hali ya Hatari na za kuingia uhuru, akauawa Biafra, Nigeria, mwaka 1968. Negativu zake zilikaa miongo kadhaa ndani ya gereji jijini Nairobi kabla ya kuibuliwa. Filamu iliweza kungoja, lakini watu waliomo hawakungoja.

*Nani mwenye haki ya kuuza picha za zamani kama hizi? – Msomaji, Kisumu*

Kwa Kenya, kama mpigapicha alikuwa mwajiriwa, haki kwa kawaida ni ya mwajiri isipokuwa mkataba ulisema vingine. Kama alijitegemea, ni yake na warithi wake, ila picha alizoagizwa kuzipiga kwa kawaida haki yake ni ya aliyeziagiza, isipokuwa walikubaliana vingine. Haki ya picha hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa au kutolewa kwa mara ya kwanza, kwa kufuata lililo la mwisho. Kumiliki negativu si kumiliki hakimiliki. Tanzania, waulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

*Baadhi ya picha ni za watu waliofungwa kamba, na wengine wanahamishwa vijijini. Tuziweke mtandaoni? – Wajukuu, Morogoro*

Skanini zote, msizitoe zote. Mtu aliyepigwa picha akiwa chini ya bunduki hakuombwa ruhusa, na huenda watoto wake wanaishi mtaa wa pili. Wekeni hadharani za sokoni, bandarini na za mikutano. Za aibu na mateso zibaki kwenye diski hadi familia zipatikane, na mwenye kuja na jina apewe chapa ya picha yake bure, mkononi, kabla ya mtu mwingine yeyote kuiona.