Kabla Hujaandika "Hafuati Dozi"

Jumatatu iliyopita nilikaa pembeni kwenye kliniki ya presha, nikimwangalia mmoja wenu akihudumia. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba dawa ameziacha, alishapona. Kijana wetu hakumwacha amalize. "Mzee, hiyo ni imani potofu. Presha haiponi." Akamwaga somo zima: mishipa, moyo, figo, kiharusi. Yote sahihi, na nilifurahi kuona amesoma. Mzee akaitikia kwa kichwa, akasema "sawa, daktari," akachukua cheti cha dawa, akaondoka. Kwenye faili kukaandikwa: Hafuati dozi. Amepewa elimu.

Sentensi hizo mbili nimeziandika mimi mara nyingi mno katika miaka yangu ya kazi, na kuna faili moja ambalo ningetoa chochote nizifute. Kwa hiyo, wadogo zangu mnaoanza mafunzo kwa vitendo, nisikilizeni kabla ya kliniki ya wiki hii.

1. Mgonjwa amekuja na maelezo yake tayari.

Mnaikariri Modeli ya Imani za Afya kwa ajili ya mtihani, lakini mkikaa kwenye kiti cha kliniki mnaiacha nje ya mlango. Kumbukeni ilikotoka. Miaka ya 1950, wanasaikolojia wa idara ya afya ya umma ya Marekani walitaka kujua kwa nini watu hawajitokezi kupigwa picha ya kifua kuchunguzwa kifua kikuu, hali huduma imesogezwa hadi karibu na makazi yao. Jibu likawa ndani ya hesabu ambayo kila mtu huipiga kimyakimya: je, ugonjwa huu unaweza kunipata mimi? Ukinipata, ni mkali kiasi gani? Kujipima kutanifaa nini, na kutanigharimu nini?

Hesabu hiyo inapigwa mbele yako kila siku. Kwenye presha iko dhahiri kabisa. Mwaka 1985 Meyer, Leventhal na Gutmann walichapisha utafiti juu ya wagonjwa wa presha. Wengi wao walikubali kwamba watu kwa jumla hawawezi kuhisi presha ikipanda. Halafu wengi hao hao wakasema wao binafsi wanaihisi, kwa kichwa kuuma, uso kupata joto, moyo kwenda mbio. Na mtu anayeamini anaihisi humeza dawa siku anayohisi. Huyo hajasahau dawa wala hajapuuza. Anafuata maelezo yake kwa uaminifu mkubwa, tatizo ni kwamba wewe huyajui.

2. Nyamaza kidogo.

Beckman na Frankel walirekodi mazungumzo ya madaktari na wagonjwa, wakachapisha mwaka 1984 kwamba kwa wastani mgonjwa alikatizwa baada ya sekunde 18. Hesabuni zenu.

3. Usimtishe mtu usiyejua anaogopa nini.

Hapa ndipo palipo na faili langu. Alikuwa mama wa miaka 50 na kidogo, mtaratibu, anayefika kliniki kabla ya wote. Presha 180 kwa 110, juu mno. Mwezi wa pili vilevile. "Mama, unameza dawa?" "Nameza, mwanangu." Nikapandisha dozi. Baadaye nikaongeza dawa ya pili, kisha ya tatu. Kipimo hakikutikisika. Badala ya kujiuliza inawezekanaje mtu ameze dawa tatu na presha ibaki palepale, nilianza kumkasirikia. Nilimwona anaharibu takwimu za kliniki. Kwenye faili niliandika "hafuati dozi, amepewa elimu" mara tatu mfululizo, na kila mara nilijiona nimetimiza wajibu.

Siku moja foleni ilikuwa ndefu na mimi nimechoka. Nikapaza sauti, mlango uko wazi na watu wawili wamesimama hapo wakisubiri. "Mama, ukiendelea hivi utapooza. Utalala kitandani, utalishwa kama mtoto. Ndicho unachotaka?" Niliamini kwa moyo wote kwamba namsaidia. Walionitangulia walifanya hivyo, na wagonjwa wao waliitikia kwa kichwa, nikadhani kuitikia ni kukubali.

Mama hakujibu mara moja. Alikikunja cheti, akakikunja tena, na tena, mpaka kikaenea kwenye kiganja, akakitia kwenye mkoba. Akasema, "Nimesikia, mwanangu." Tarehe iliyofuata hakuja. Iliyofuata pia. Nikamwandika mtoro kwenye rejista, nikaita jina la mgonjwa mwingine.

Miezi mitano baadaye nilimkuta wodini kwenye raundi. Upande wa kulia umepooza, maneno hayatoki. Alinitambua. Aliniangalia muda mrefu, akajaribu kusema kitu, ikatoka sauti tu. Binti yake alikuwa ameketi kando ya kitanda na mfuko wa dawa, akanikabidhi akidhani nitataka kujua mama alikuwa anatumia nini. Ndani mlikuwa na dawa zote nilizomwandikia, zimepangwa kwa miezi. Pakiti moja tu ndiyo iliyofunguliwa, ile ya kwanza kabisa, na ilikuwa imepungua vidonge vinne.

Binti ndiye aliyenieleza. Baba wa huyu mama alianzishiwa vidonge vya presha akiwa anatembea mwenyewe. Kila akienda anaongezewa kingine. Alipofikia cha tatu, akafariki. Familia ilijumlisha yale iliyoyaona kwa macho: vidonge vimeongezeka, mtu amekwisha. Mama alipomeza vile vinne vya kwanza akapata kizunguzungu, na kwake hiyo ilikuwa ishara kwamba safari ya baba yake imeanza upya. Hakutaka kunikwaza. Akawa anakuja, anachukua, anahifadhi.

Sasa tazameni nilichokuwa nikikifanya. Kila dawa niliyoongeza ilimthibitishia kwamba yuko njia ileile ya baba yake. Nilipofika ya tatu, kwa hesabu yake nilikuwa nimemfikisha mwisho. Kisha nikamtisha kwa kiharusi, yeye ambaye tayari alikuwa anaogopa dawa, nikamwacha katikati ya hofu mbili pasipo njia ya kutoka. Swali moja lingetosha kuifungua habari yote: "Mama, unazionaje dawa hizi? Kuna kinachokutia wasiwasi?" Ningemweleza kuhusu kizunguzungu cha siku za mwanzo, ainuke polepole, turudi kwenye dozi ndogo. Ningemuuliza kuhusu baba yake. Huenda angekataa hata hivyo, na hiyo ingekuwa haki yake. Lakini angekataa akiwa amesikilizwa, na mimi ningejua kwamba presha haijatibiwa kabisa, nisingeendelea kurundika dawa juu ya dawa zisizomezwa.

Sikupata nafasi ya kumwomba radhi akaweza kunijibu. Nilimwomba akiwa kitandani, akanishika mkono kwa mkono wa kushoto. Mpaka leo nikiona mgonjwa anakunja cheti, nasimamisha kalamu.

Hofu ina nafasi yake, sikatai. Mwaka 1965 Leventhal na wenzake walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kuhusu chanjo ya pepopunda. Ujumbe wa kutisha sana uliwafanya waseme wanataka kuchanjwa, lakini kwenda kuchanjwa ni jambo jingine. Waliopewa ujumbe pamoja na ramani ya kituo cha afya na kuombwa wapange saa ya kwenda, walikwenda asilimia 28. Wasiopewa mpango huo, asilimia 3. Mimi nilitoa hofu peke yake, na tena kwa mtu aliyekuwa nayo ya kutosha.

4. Usiulize "unameza dawa?" Uliza, "Wiki iliyopita zilikupita mara ngapi? Watu wengi huwa zinawapita."

5. Mwombe akueleze kwa maneno yake jinsi atakavyomeza akifika nyumbani, na akikosea, rudia wewe kueleza.

6. Maneno yako yanaingia mwilini, lakini yana mpaka.

Hapa nawaona mmegawanyika makundi mawili, na yote yananisumbua. Kundi la kwanza linasema plasebo, yaani kidonge kitupu kisicho na dawa ndani, ni kudanganywa tu. Hapana. Mwaka 1978 Levine, Gordon na Fields walionyesha kwa watu waliong'olewa magego kwamba nafuu ya maumivu inayoletwa na plasebo ilizuilika kwa naloksoni, dawa inayofunga vipokezi vya afyuni, yaani milango ya mwilini ambamo dawa za maumivu kama mofini hufanyia kazi. Maana yake matarajio ya mgonjwa yanaufanya ubongo utoe dawa yake wenyewe ya maumivu.

Kundi la pili, na hili linaniogopesha zaidi, linaanza kusema imani inaponya kila kitu. Someni utafiti wa pumu wa mwaka 2011 ulioongozwa na Wechsler. Waliovuta dawa halisi, pumzi yao kwa kipimo cha mashine ilipanda kama asilimia 20. Waliopewa plasebo ilipanda kama asilimia 7, sawa na wasiopewa chochote. Lakini walipoulizwa wanajisikiaje, wa dawa halisi walisema wamepata nafuu ya asilimia 50, na wa plasebo ya kuvuta asilimia 45. Fikirieni hatari iliyopo hapo: mgonjwa anajisikia vizuri na bomba la hewa bado limebana. Ndiyo sababu tunasikiliza mgonjwa na tunapima pia.

Na maneno huumiza vilevile. Mwaka 2020 watafiti wa London walitoa matokeo ya watu 60 waliowahi kuacha statini, dawa za kushusha kolesteroli, kwa sababu ya madhara. Kwa mwaka mzima walipitia kwa zamu miezi ya statini, miezi ya vidonge vitupu, na miezi bila kidonge. Takriban asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwenye statini waliupata pia kwenye vidonge vitupu. Maumivu yalikuwa ya kweli; chanzo ndicho kilichokuwa kingine. Walipoonyeshwa matokeo yao wenyewe, nusu yao walirudi kwenye dawa. Kwa hiyo msimfiche mgonjwa madhara, wala msimsomee orodha nzima kwa sauti ya msiba. Mwambie lipi hutokea, huchukua siku ngapi, na afanye nini.

7. Neno "dozi" tumelifundisha sisi.

Ijumaa yule kijana wetu alimpigia simu mzee wa Jumatatu arudi. Nilimwomba aulize swali moja kisha afunge mdomo. Akauliza, "Mzee, ulijuaje kwamba umepona?" Mzee akamshangaa. Akasema miaka yote, kila alipopewa dawa za kuua vijidudu, aliambiwa amalize dozi, asiache katikati. Hizi nazo alimeza kila siku, hakuruka hata moja, mpaka kidonge cha mwisho. Dozi ikaisha. Hakuna aliyemwambia kwamba hii haiishi.

Kijana alinyamaza kwa zaidi ya sekunde 18. Akavuta faili, akakata ile "hafuati dozi" kwa mstari mmoja, akasaini pembeni, akaandika chini yake: Amemaliza dozi kama alivyofundishwa. Kisha akavuta kiti karibu na mzee, wakaanza upya.