Kabla hujaagiza praima za K13, soma hapa

Mdogo wangu, simama hapo hapo. Umeuliza ujifunze lugha gani ya programu, Python au R, na kama laptop ya RAM GB 4 inatosha. Hayo baadaye. Skripti yako ya Python ina [::-1], na chini umeandika wiki ijayo unaagiza praima, vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili jeni. Usithubutu!

Jeni ya K13 ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, iko kromosomu ya 13, kwenye uzi wa hasi, yaani ule wa pili wa DNA, unaosomwa kinyume na kwa herufi wenza: A kwa T, C kwa G. Faili la jenomu linakupa uzi wa chanya, kwa hiyo ATG ya mwanzo wa jeni utaikuta mwishoni mwa kipande, imeandikwa CAT. Hiyo [::-1] inapindua mpangilio wa herufi tu: CAT inakuwa TAC. A haijawa T, C haijawa G. Praima za namna hiyo hazina pa kushika.

Mimi niliagiza. Pea mbili kutoka nje, kwa hela ya kujikimu. Jeli ya kwanza ya kuonyesha DNA iliyonakiliwa: mistari ya kipimo inang'aa, njia za sampuli zangu nyeusi tii. Nikashusha joto, nikaongeza magnesiamu, nikabadilisha enzaimu, nikazilaumu sampuli. Wiki sita! Sampuli zilikuwa nzima, na baadhi ziliishia kwenye majaribio hayo. Watu walitobolewa vidole kwa ajili ya damu ile. Praima bado ziko kwenye friza, wapangaji wasiolipa kodi.

Aliyenipa mstari ule wa [::-1] ni mkubwa wangu maabara. "Geuza tu, inatosha." Mpaka leo inaniuma. Mtu anagawa skripti kama peremende, na hajaijaribu hata kwa jeni moja!

Sasa shika hili: usitoe hata shilingi kabla hujatafsiri kipande chako kuwa protini. Kwenye Biopython, maktaba ya Python ya biolojia, ni reverse_complement(), inayopindua na kubadilisha herufi, kisha translate(). K13 ya rejea lazima ikupe besi 2181, amino asidi 726, ianze MEGEKV, na nyota (*), alama ya kikomo cha protini, iwe moja tu, mwishoni kabisa. Nyota zikitapakaa katikati, umekosea uzi au hesabu. Besi zikiwa 2180, kumbuka GFF, faili la mahali jeni zilipo, inahesabu kuanzia 1 na Python kuanzia 0: toa moja kwenye namba ya mwanzo, ya mwisho iache. Halafu chungulia amino asidi ya 561 ya protini, iwe R (arginini). Ndiyo hiyo inayogeuka H (histidini) kwenye vimelea vya Rwanda na Kagera unavyovitafuta.

Iendeshe usiku huu, uweke hapa herufi 20 za kwanza nizione.