Mashine ya kukatia nyasi: umeme au petroli?

Mkuu, kwa hako kabustani ka mbele ya nyumba ulikosema kako Ilazo hapa Dodoma, petroli ya nini? Chukua ya umeme tu, ila anza kukata upande wa soketi ukielekea mbali nayo na waya uuweke begani, la sivyo utaukata siku ya kwanza. Kama roho imeshapenda ya petroli sawa, lakini nyingi zinakuja hazina oili kwenye injini, sasa wewe ukivuta kamba hivyo hivyo umeiua hujakata hata jani. Na vumbi la Dodoma unalijua, filta ya hewa ikung'ute mara kwa mara. Okota mawe kwanza (kisu kinarusha hatari, watoto wakae ndani). Usinyoe kipara, ondoa theluthi ya urefu tu, maana mvua zikikata kuanzia Mei jua linachoma mpaka mizizi. Kiangazi hicho mashine ikilala stoo toa petroli yote kwenye tenki, ikikaa sana inaziba kabureta (kile kinachochanganya petroli na hewa). Na ukitaka kugusa kisu chomoa kwanza waya wa plagi ya injini (ile ya cheche), hata kama injini imezima.