Nilistaafu nikiwa na miaka 60, presha ikanirudisha darasani

Wiki iliyopita msomaji mmoja, mwalimu aliyebakiza miezi mitatu kustaafu, aliniuliza kama akubali kazi katika shule binafsi au apumzike. Ninamjibu kwa kusimulia yaliyonipata, kwa kuwa nilijaribu njia zote mbili na zote zilinifikisha hospitali.

Nilistaafu kwa mujibu wa sheria nikiwa na miaka 60, baada ya kufundisha Hisabati kwa miaka 34 katika shule za sekondari mkoani Morogoro. Niliagwa kwa ngao na mashuka mawili, na tangu siku hiyo hakuna aliyenipigia simu, hata kuuliza funguo za kabati niliziweka wapi. Sikutegemea kwamba jambo dogo kama hilo lingeniuma kiasi kile. Mafao yalipotoka nilimalizia nyumba, kisha nikahamia barazani: chai ya maziwa, maandazi, redio, usingizi wa mchana. Ndani ya mwaka mmoja nilikuwa nimeongezeka kilo tisa, na siku niliyokwenda kupima macho muuguzi alikuta presha yangu ni 168 kwa 102, ilhali mtu huhesabiwa kuwa na presha ya kupanda kuanzia 140 kwa 90.

Shule moja binafsi iliponiita, nilikwenda kama kijana aliyepata ajira ya kwanza. Kwa miezi miwili kazi ilikuwa tiba: nilitembea kila asubuhi kutoka kituo cha daladala, nililala vizuri, na wanafunzi waliokuwa wakiziogopa hesabu za logi walianza kuzifurahia, jambo ambalo ninalisema bila haya. Tatizo ni kwamba sikuwa nimesaini chochote. Vipindi 12 kwa wiki nilivyoahidiwa vikawa 28, zamu ikaongezwa, na kliniki yangu ya Jumatano ikagongana na kidato cha nne. Nikaruka kliniki mara mbili, dawa zikaisha, nami nikajiambia kwamba nitanunua mwisho wa mwezi. Nilianguka mbele ya ubao, chaki mkononi. Mkuu wa shule alikuja wodini kuuliza nitarudi lini.

Mwalimu mwenzangu, kazi ikubali, lakini pima presha na sukari kabla hujasaini, na siku ya kliniki iandikwe ndani ya mkataba. Ahadi ya mdomo haitoshi. Usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri, maana unajisikia vizuri kwa sababu unazimeza. Narudia: siku ya kliniki iandikwe. Sisi wastaafu tunaogopa kuonekana wazee, ndiyo maana tunaitikia kila zamu tunayopangiwa, na kiburi hicho kinatudhuru pengine kuliko chumvi tunayokatazwa.

Sasa ninafundisha vipindi 10 tu katika shule nyingine, Jumatatu na Alhamisi. Kiti cha kukalia darasani nilikibeba mwenyewe kutoka nyumbani.