Shinjuku hadi Narita: treni au teksi?

Ndugu, kwa kuwa uko Shinjuku, mtaa wa Tokyo, na ndege yako inaondoka uwanja wa Narita asubuhi, teksi iache kabisa. Uwanja uko kilomita 60 hivi kutoka katikati ya Tokyo, na foleni haitabiriki. Ukiwa na masanduku mazito, panda Narita Express, treni ya haraka ya uwanjani, hapo hapo Shinjuku. Inakwenda moja kwa moja, kama dakika 80. Mwenye begi dogo anaweza kupanda treni ya mjini ya Yamanote hadi stesheni ya Nippori, kisha Skyliner, treni nyingine ya haraka ya uwanjani, lakini asubuhi Yamanote hujaa mno, nakuonea huruma na mizigo. Stesheni ya Shinjuku ina milango zaidi ya 200, basi fika mapema uitafute njia yako bila papara. Na kama unaondokea jengo la abiria (terminal) la 3 huko Narita, shuka stesheni ya jengo la 2, utembee.